Wiski za Kimarekani kwenye rafu za Arusha na Moshi: soma asilimia kabla ya jina

Maduka mengi ya vinywaji, kuanzia Njiro hadi Shanty Town, hupanga wiski kwa bei: za ghali nyuma ya kioo, za kati usawa wa macho, za chini jirani na Konyagi. Za Kimarekani huchanganywa humo humo na za Scotland, na mnunuzi huokota jina alilolizoea. Ndiyo maana chupa nzuri hukaa na vumbi huku ya pembeni yake, iliyo nyepesi zaidi, ikitoka kila siku.

Hapa zinapimwa sita: Jack Daniel's, Jim Beam, Maker's Mark, Wild Turkey 101, Bulleit na Woodford Reserve. Mbili za mwanzo huzikosi hata kwenye baa ya mtaani. Nne zilizobaki huja na kupotea, hivyo ukiikuta uitakayo usiipe wiki. Bei hazijaandikwa kwa sababu hupanda na kushuka pamoja na dola. Badala yake kuna hesabu ya kuzipimia, huko mbele.

Kwanza ijulikane kilichomo. Sheria ya Marekani inataka bourbon, yaani wiski ya Kimarekani ya mahindi, itokane na mahindi yasiyopungua asilimia 51, ikenekwe bila kuvuka asilimia 80 ya kilevi, iingie kwenye pipa ikiwa haizidi 62.5, na ifungwe chupani ikiwa na 40 au zaidi. Pipa liwe jipya, la mwaloni, na ndani liwe limechomwa moto hadi kuwa mkaa. Rangi haitiwi, sukari haitiwi. Maji tu ndiyo yanayoruhusiwa. Anayeijua mbege hatapotea hapa. Kazi inayofanywa na kimea cha ulezi, huku hufanywa na kimea cha shayiri: kuigeuza wanga ya mahindi kuwa sukari ili hamira ipate cha kula. Ikishachacha hukenekwa, kisha hulazwa kwenye pipa.

Na pipa ndilo mpishi. Moto unapoila mbao, sukari zilizomo kwenye mti huungua na kuwa karameli, na sehemu nyingine za mbao hizo hutoa vanila na harufu ya nazi iliyokaangwa. Joto la kiangazi cha Kentucky, jimbo la Marekani zinakotoka nyingi za chupa hizi, huisukuma wiski ndani ya mbao, baridi ya majira yao huirudisha, mwaka baada ya mwaka. Utamu unaousikia unatoka huko.

Pipa likishatumika mara moja haliruhusiwi tena kutengeneza bourbon, kwa hiyo huuzwa, na mengi huishia Scotland. Wiski ya Scotland uliyoizoea huenda imelala kwenye pipa ambalo bourbon ilikwishalinyonya. Hapo ndipo mazungumzo ya kaunta kuhusu umri yanapokwenda kombo. Mtu huikataa bourbon ya miaka sita kwa sababu jirani yake wa Scotland ameandikwa 12. Pipa jipya kwenye joto hufanya kazi haraka. Bourbon ikizidishiwa miaka, mbao hutawala na mdomo unakauka kama umekunywa chai iliyolala na majani yake.

Kwenye lebo tafuta maneno machache tu. "Straight" ina maana imelala angalau miaka 2, na ikiwa haijafika 4 lazima umri uandikwe. Kwa hiyo "straight" isiyotaja umri ni ya miaka 4 au zaidi. "Bottled in bond" ni sheria ya mwaka 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja, miaka 4 au zaidi kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na asilimia 50 kamili. Ukiiona hiyo kwenye rafu ya huku, nunua kwanza, maswali baadaye. Neno la kuogopa ni "blended" kwenye wiski ya Kimarekani. Huko Scotland neno hilo halina ubaya, lakini kwa Wamarekani linaruhusu chupa yenye asilimia 20 tu ya wiski ya "straight", na sehemu iliyobaki iwe pombe isiyo na ladha. Zile za "Honey" nazo ni wiski iliyotiwa utamu. Jack Daniel's ya asali ina asilimia 35, sawa na Konyagi. Ni kinywaji cha kufurahisha, ila kisiuzwe kwa bei ya wiski kamili.

Neno "proof" likikutatiza, ligawe kwa mbili. Proof 80 ni asilimia 40. Basi.

Sasa chupa zenyewe.

Jack Daniel's Old No. 7, asilimia 40. Inatoka Lynchburg, Tennessee. Mahindi ni asilimia 80, kimea cha shayiri 12, rai 8 (rai ni nafaka, ndugu wa ngano, yenye ukali wa viungo). Kabla ya kuingia kwenye pipa, pombe hudondoshwa polepole kupitia mkaa wa mti wa Marekani utoao sukari, tabaka lenye kina cha karibu mita 3. Mkaa huo hunyonya ukali wa pombe changa, na ndio sababu Jack hupita kooni bila kukwaruza. Hunyonya pia sehemu ya uzito wake. Harufu ni ndizi mbivu na karameli. Ukiipa glasi dakika tano, ndizi inakuwa wazi kabisa, karibu kama mkungu wa ndizi ulioachwa jikoni siku ya nne. Ladha inaanza vizuri, kisha inakatika ghafla. Ni kinywaji safi, hakina kosa, lakini sehemu ya pesa unayotoa ni ya jina. Hadithi iliyo nyuma ya jina hilo ina uzito kuliko tangazo lolote: aliyemfundisha Jack Daniel kukeneka ni Nathan "Nearest" Green, Mmarekani mweusi aliyekuwa mtumwa, na kampuni yenyewe ilianza kulisema hilo hadharani mwaka 2016.

Jim Beam, lebo nyeupe, asilimia 40, miaka 4. Inatoka Clermont, Kentucky. Harufu ya mahindi mabichi, karanga, vanila kidogo. Kuna ukakasi wa mbao changa mwishoni. Ikinywewa kavu inachosha kwenye toti ya pili. Usiipime hivyo. Hii ni chupa ya kuchanganya, na kwa kazi hiyo hakuna ya bei yake inayoishinda. Tutairudia kwenye tangawizi.

Maker's Mark, asilimia 45. Hapa rai imeondolewa, ikawekwa ngano: mahindi 70, ngano 16, kimea cha shayiri 14. Ngano haina ukali, hivyo kinachosikika ni mkate mtamu, asali na karameli, na ulimi haubanwi. Kwa anayetoka kwenye bia au mvinyo, huu ndio mlango wa kuingilia. Anayependa pilipili ataiona imepoa mno. Mwaka 2013 kampuni ilitangaza itaishusha hadi asilimia 42 kwa sababu akiba imepungua. Wanywaji walipiga kelele, na ndani ya siku chache uamuzi ukafutwa. Tofauti ya asilimia tatu inasikika, na walioinywa kila wiki walilijua hilo. Chupa imechovywa kwenye lakiri nyekundu kwa mkono. Usiipasue lakiri kwa kisu, vipande vitaingia kwenye wiski; kuna utepe chini yake, tafuta ncha uvute kuzunguka shingo.

Wild Turkey 101, asilimia 50.5. Ukiwa na pesa ya chupa moja tu, chukua hii. Sababu si ukali wake. Kiwanda chake cha Lawrenceburg, Kentucky, huingiza pombe kwenye pipa ikiwa na asilimia 57.5, chini ya kikomo cha sheria cha 62.5, na pipa huchomwa kwa kiwango cha nne, kile kinachoacha mbao zikiwa na magamba kama ngozi ya mamba. Kwa kuwa pombe imeingia ikiwa haijawa kali mno, na inafungwa chupani ikiwa na 50.5, maji yanayoongezwa wakati wa kufunga ni machache, na ladha ya pipa inabaki nzito. Unapata karameli iliyokaribia kuungua, ganda la chungwa, mdalasini, pilipili manga, na joto linaloshuka kifuani na kukaa. Barafu haiiui, soda haiimezi. Angalia jambo moja dukani: iko Wild Turkey nyingine, proof 81, yaani asilimia 40.5, na muuzaji asiyejua atakwambia ni ileile. Siyo. Soma namba kwenye lebo kabla ya kutoa pesa.

Bulleit, asilimia 45, lebo ya rangi ya chungwa kwenye chupa inayofanana na za dawa za zamani. Rai ni asilimia 28, kiwango kikubwa kwa bourbon, na mahindi 68. Inakauka mdomoni, ina mdalasini na harufu ya mbao zilizorandwa. Peke yake inaweza kuonekana imekonda. Iweke mbele ya mbuzi choma na inabadilika, kwa sababu ukavu wake unakata mafuta ya nyama ambapo Maker's Mark ingeongeza utamu juu ya utamu. Kachumbari sawa, pilipili kichaa punguza, kwani kilevi na pilipili huzidishana na baada ya hapo hutaonja chochote.

Woodford Reserve, asilimia 43.2 kwenye chupa za nje ya Marekani. Mahindi 72, rai 18, kimea 10. Imetulia, ina kakao na matunda makavu, chupa yake ni nzuri mezani. Kwa zawadi ya harusi au ya bosi anayestaafu, sawa. Kwa kunywa nyumbani, tofauti yake na 101 haitoshi kulipia tofauti ya bei.

Hesabu niliyoahidi ni hii. Zidisha ujazo kwa asilimia. Mililita 750 kwa 40 ni mililita 300 za kilevi halisi. Mililita 750 kwa 50.5 ni karibu 379, yaani ziada ya asilimia 26. Tuseme ya 40 inauzwa shilingi 100,000: ya 50.5 ikiwa chini ya 126,000, wewe ndiye mwenye faida. Lengo si kulewa haraka. Ukiishusha chupa ya 101 kwa maji yako mwenyewe hadi asilimia 40, unapata karibu mililita 947, yaani toti sita na zaidi kuliko chupa ya jirani, na maji umeyanunua kwa bei ya maji. Kumbuka pia kutazama ujazo: 700, 750 na lita moja hukaa pamoja kwenye rafu, na macho hayazitofautishi. Kwenye baa, toti ya mililita 30 hutoka mara 25 kwenye chupa ya 750. Zidisha bei ya toti kwa 25 ndipo uamue kama unakaa kaunta au unakwenda dukani. Na uone kipimo. Toti ya kukadiria kwa jicho haijawahi kumpunja mwenye baa.

Namna ya kuonja. Mimina mililita 30 kwenye glasi ndogo ya mvinyo yenye mdomo mwembamba kuliko tumbo. Bilauri pana hutawanya harufu na kukuachia mvuke wa kilevi tu. Iache dakika tano hadi kumi. Sogeza pua huku mdomo ukiwa wazi kidogo, bila kuvuta kwa nguvu kama unayenusa Vicks. Funda la kwanza ni dogo, la kulowesha mdomo tu, na usilihukumu, kwani ulimi bado unashtuka. La pili ndilo la kupima: lizungushe, meza, kisha hesabu kimya kimya ladha inabaki kwa muda gani. Jack inaondoka mapema. 101 bado ipo ukiwa umeshaanza mazungumzo mengine.

Sasa tatizo la Moshi, ambalo Arusha, iliyo juu zaidi, haina kwa kiwango hicho. Mwezi Februari sebule ya Majengo mchana inaweza kufika nyuzi 30, na wiski ya joto hilo hutoa mvuke mwingi wa kilevi kuliko harufu ya nafaka. Mtu anainusa, anachomwa pua, anasema bourbon ni kali. Kali ni chumba. Mimina glasi, ifunike kwa kisahani, iweke kwenye friji dakika kumi, isipoe mno. Ukiipata karibu nyuzi 18 harufu zinatengana. Arusha asubuhi ya Julai shida ni ya upande wa pili: wiski imefunga, haitoi kitu. Ishike glasi kwa viganja viwili dakika tatu.

Maji yana hesabu yake pia. Kwa mililita 30 za 101, kijiko cha chai kimoja kisichojaa huishusha hadi karibu asilimia 45, na kijiko kimoja na nusu hadi 40. Tia kidogo kidogo, onja kila hatua; kuna mahali ambapo ganda la chungwa linajitokeza kisha linapotea ukizidisha. Tumia maji ya chupa. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yatakupa wiski yenye harufu ya dawa. Barafu ya baa, ile midogo yenye tundu katikati, huyeyuka kabla hujamaliza sentensi. Nyumbani gandisha maji kwenye kikopo cha plastiki cha upana wa sentimita 5 hivi. Bonge moja hupoza bila kufurika.

Kwa Jim Beam: mililita 50, Stoney Tangawizi baridi mililita 120, na robo ya ndimu iliyokamuliwa kisha kutumbukizwa. Soda iwe imetoka kwenye friji, vinginevyo barafu itafanya kazi ya kuipoza soda na glasi itajaa maji. Ukizidisha Stoney ni tangawizi tu, wiski umeitupa. Kwa 101 jaribu sukari guru: gramu 100 na mililita 100 za maji, chemsha iyeyuke, chuja kwa kitambaa kwani huwa na takataka za miwa, hifadhi kwenye friji wiki mbili. Kijiko kimoja cha chai cha maji hayo, mililita 60 za wiski, bonge la barafu, koroga nusu dakika, kisha kunja ganda la chungwa juu yake mafuta yaruke. Sukari nyeupe hutoa utamu mtupu. Guru ina ladha ya moshi inayoelewana na pipa lililochomwa. Maker's Mark kwenye glasi hii inakuwa tamu kupita kiasi, usijaribu.

Chupa za kughushi zipo, na zinazojazwa upya ndizo ngumu kuzigundua. Stempu ya kielektroniki ya TRA iwe imekaa ili ichanike kifuniko kinapofunguliwa. Ichanganue kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu hapo hapo dukani, muuzaji wa kweli haoni aibu. Chupa yenye stempu ya Kenya pekee imepita Namanga au Holili bila kulipiwa ushuru wa huku, na hujui imelala kwenye jua siku ngapi. Inua chupa mbili za aina moja kwenye mwanga: rangi na kimo cha wiski shingoni vifanane. Tazama namba za uzalishaji zilizochapwa kwenye kioo; zikiwa zimekwaruzwa, rudisha. Lakiri ya Maker's Mark haifanani chupa hadi chupa, hilo ni la kawaida, lakini iwe haina mshono wala dalili ya kuyeyushwa mara ya pili. Ukimaliza chupa yako, ikwangue lebo kwa kisu kabla ya kuitupa, isije ikarudi sokoni na kitu kingine ndani.

Kuhifadhi: simamisha, usilaze kama mvinyo. Kilevi cha asilimia 40 na kuendelea hula kizibo kikilala juu yake, kizibo kinakatika siku ya kufungua. Kabati lenye giza linatosha. Juu ya friji hapafai, injini yake hupasha joto. Chupa isiyofunguliwa haikomai zaidi, umri wake ulisimama ilipotoka kwenye pipa. Iliyofunguliwa na kubaki nusu itakaa vizuri miezi kadhaa. Ikifika theluthi, hewa imekuwa nyingi kuliko wiski na harufu za juu huanza kufa. Hamishia kwenye chupa ndogo ya kioo ya mililita 200 iliyooshwa na kukaushwa kabisa, jaza hadi shingoni, bandika karatasi yenye jina na tarehe. Chupa za sosi ya pilipili usitumie, harufu yake haitoki hata kwa maji ya moto.